Maombi ya Kuondolewa kwa Jina la Kiboko

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako Shajara Mheshimiwa. Kwa heshima na taadhima, mimi mwenye mwandiko huu nakuandikia kwa madhumuni yafuatayo: kuweka kumbukumbu ya hatua zote nitakazochukua hadi jina la dhalimu ling'olewe katika kibao cha mtaa wetu, na jina la babu yangu mzaa baba liwekwe mahali pake. Mambo mengine ya nyumbani yataingia humu pale tu yatakapokuwa na uzito.

Sababu. Mwalimu wa darasa la jioni, ambako sisi watu wazima tunasoma Historia ya Dunia, ametupa zoezi. Kila mmoja atafute mtaani kwake kitu kimoja kilichoachwa na watawala wa kigeni, aeleze kilikujaje na kwa nini bado kipo. Wakati huohuo Katibu wa Baraza la Mji ametangaza kwamba vibao vya mitaa vitapakwa rangi upya, na mwenye hoja kuhusu jina lolote afike Jumatatu ijayo. Mambo mawili, shabaha moja!

Mtaa wetu unaitwa Mtaa wa Kiboko. Kiboko ni mjeledi wa ngozi. Mjeledi ulikuwa wa mkoloni. Kwa hiyo Kiboko alikuwa mkoloni. Hoja imejifunga yenyewe kama dirisha la ofisi saa ya chakula cha mchana.

Babu, kwa upande wake, alikuwa "mtu wa mahakama." Hivyo ndivyo marehemu baba alivyosema kila alipoulizwa, kisha akabadili mazungumzo. Unyenyekevu ulioje! Ni dhahiri babu alikuwa karani. Kazi yangu ya kuwaandikia watu maombi, ninayoifanya kibarazani mkabala na ofisi za Baraza, imo katika damu. Nimerithi pia fimbo yake fupi ya ngozi ngumu, ambayo bila shaka aliitumia kuonyeshea mistari ya sheria. Mimi huitumia kugandamizia karatasi zisipeperuke.

Napendekeza: Mtaa wa Karani Mkuu. Watu wakiuliza ni karani gani, watanyooshewa kidole kuelekea mezani kwangu.

Dosari moja ya siku. Mwalimu amerudisha insha yangu juu ya dola ya Kirumi akiwa ameikata kwa wino mwekundu tamati yangu: "Nabaki mimi, mtumishi wako mtiifu na mnyenyekevu." Akasema mbele ya wote kwamba maneno hayo ndiyo waliyotufundisha watawala tuwaandikie, na kwamba zoezi langu huenda limekwisha kabla sijalianza. Darasa likacheka. Fundi Cherehani akacheka kuliko darasa.

Mwalimu ni mtoto wa juzi. Ana shahada, hana tamati.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Maelezo kuhusu Fundi Cherehani. Tunatumia kibaraza kimoja. Meza yangu na cherehani yake vimetenganishwa na nguzo moja tu, na nguzo yenyewe ameitundikia suruali za wateja, hata mwanga naupata kwa kubahatisha. Huniita Mheshimiwa. Hakuna heshima ndani yake. Nilipojiandikisha darasa la jioni, wiki iliyofuata naye akajiandikisha. Akasema amechoka kusikia habari za Warumi kwa kupitia nguzo.

Asubuhi nimekamilisha rasimu ya maombi. Nimeisoma kwa sauti ili kupima mizani. Naihifadhi hapa sentensi niliyoitolea jasho: "Huyu Kiboko, katili asiye na utu, asiye na haya wala ukoo unaojulikana, jina lake ni uchafu kinywani mwa kila mpita njia." Uchafu kinywani! Nilisimama kidogo ili niishangae.

Kinyozi wa jirani akatoka na mashine mkononi, akamwacha mteja kichwa nusu. Akasema hapo hakuna mkoloni wala nini. Kiboko ni sifa. "Mtaa huu ni kiboko yao, Mheshimiwa! Uliza mitaa mingine!" Nikamweleza kwamba lugha ya vijiweni haiwezi kutangulia jina la mtaa lililokuwapo kabla mama yake hajazaliwa. Akasema basi mama yake naye alikuwa kiboko.

Fundi hakuinua mguu kutoka kwenye pedali. Akasema ni mnyama. Zamani alikuwa akipanda kutoka mtoni, akila mboga za watu mpaka hapa tulipo. Nikamdai ushahidi. Akasema kila mtu anajua. Nikamjulisha kwamba kila mtu si shahidi. Akakata uzi kwa meno, akanitazama kwa muda, kama fundi aliyeletewa kitambaa bila vipimo.

"Mnyama tu, jirani," akasema. "Mwache alale."

Jirani! Ameona ninashinda.

Saini zilizopatikana: moja, ya kinyozi. Alidhani ni maombi ya bomba la maji. Sikuona sababu ya kumkatiza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Darasani. Tunakalia viti vya watoto wa shule ya msingi, magoti yakiwa karibu na masikio. Nilikwisha kuandika maombi ya viti. Hayajajibiwa.

Nimejitolea kuonyesha dola za dunia kwenye ramani ya ukutani, kwa fimbo ya babu. Ilikuwa fahari tupu. Nikaigonga Roma. Nikaigonga Uajemi. Nikawagonga Wahispania, Waturuki, Waingereza, Wareno. Kila pigo, vumbi. Mwalimu akaniomba nisiitoboe ramani kwani ni moja tu.

Kisha akauliza swali: watu wachache vile waliwezaje kuwatawala watu wengi vile? Nikajibu: bunduki, ujanja, na kiburi. Akasema ndiyo, na nini tena? Akasema tutazame katika kila dola tuliyosoma ni nani aliyefungua lango, nani aliyehesabu watu, nani aliyeshika mjeledi. Mara nyingi, akasema, alikuwa anazungumza lugha moja na yule anayepigwa, na jioni walirudi mtaa mmoja.

Nikainua mkono, nikaomba ieleweke kwamba swali hilo liko nje ya mtaala.

Ikaja zamu ya Fundi. Nilimnyooshea fimbo, mpini ukiwa upande wake, kama ustaarabu unavyotaka. Akarudisha mikono nyuma. Akatumia kidole, tena chenye kastabini ya kukinga sindano. Kwa kuwa ni mfupi, ilimlazimu apande juu ya dawati ili aifikie Misri. Darasa zima likamshikia dawati. Yote hayo ili asiguse fimbo!

Hofu ya vyombo vya elimu. Nimeona mengi, hili sijaliona.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya kuvunja hoja ya mnyama. Mto anaousema Fundi leo ni mfereji unaopita nyuma ya karakana ya magari. Nimekwenda na rula, kamba, na viatu vya ofisi, ili kuthibitisha kisayansi kwamba kiboko hawezi kuenea humo. Kina: kifundo cha mguu. Upana: hatua ndefu ya mtu wa makamo. Nilikuwa nikiithibitisha hatua hiyo ndefu nilipobaini kwamba mimi si mtu wa makamo tena.

Kiatu cha kushoto hakijapatikana. Mafundi wa magari walishuka kunivuta kwa kamba ya gari bovu. Mmoja akasema wamempata kiboko. Nimeandika katika matokeo ya uchunguzi: "Mfereji hautoshi hata kwa mtu."

Mke wangu amekataa kutia saini. Nimemsomea sentensi ya uchafu kinywani, akaendelea kuosha suruali yangu. Akauliza kama nimemuuliza shangazi. Nikamwambia shangazi nimemtunza kwa ajili ya siku yenyewe, kama shahidi. Akasema, "Baba watoto, muulize kwanza. Muulize hapa nyumbani, mlango umefungwa." Nikamweleza kwamba shahidi akiulizwa mapema ushahidi huchakaa. Akaikamua suruali kwa nguvu nisizozizoea.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kwa shangazi. Ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu. Sikio moja halisikii, na lingine linachagua. Nilimkuta amekaa kitandani, shali mabegani, mdogo kama mtoto aliyevaa nguo za mkubwa. Kila nikitoka kwake sasa hugeuka mlangoni kumtazama tena. Nataka aone jina la baba yake limeandikwa kwa rangi mpya kabla hajatutoka. Hili siliandiki katika maombi. Halihusiani na sheria.

Nikamweleza kwamba kesho atakwenda kumsemea baba yake mbele ya Baraza. Machozi yakamtoka. Akasema hakuna aliyewahi kumtaka amseme baba yake. Kaka yake, yaani marehemu baba, alikuwa akimziba mdomo.

"Mwanangu, wewe una moyo," akasema. "Wacha nikuambie, baba alikuwa..."

Nikamziba mdomo. Kwa upole. Nikamwomba ayahifadhi yote, hadi neno la mwisho, kwa ajili ya Katibu.

Usiku mwema, Mtaa wa Karani Mkuu!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kheri ningezama katika mfereji.

Ninaandika nikiwa nimefunika kichwa. Nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa utaratibu ndio pekee niliobaki nao.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Mwalimu alileta darasa zima kama somo la vitendo. Kinyozi alikuja kwa ajili ya bomba. Fundi alikaa karibu na mlango, kofia mapajani. Nilimsindikiza shangazi hadi kiti cha mbele, nikatandaza majalada yangu mezani, feni ikapuliza, nikaweka fimbo juu yake.

Nikasoma. Sijapata kusoma vile. Katili asiye na utu! Asiye na haya wala ukoo unaojulikana! Katibu akaacha kuchora maua pembeni mwa karatasi yake. Akauliza swali la kitaalamu: huyu Kiboko wa kwenye maombi ni mtu, ni mnyama, au ni kitu? Tuandike "huyu" au "hiki"? Nikasema shahidi wangu ataeleza.

Shangazi akasimama. Akauliza kwa sauti ya viziwi ni nani huyo asiye na ukoo. Nikamwambia, Kiboko, shangazi, yule dhalimu.

"Kiboko ni babangu!" akasema. "Babu yako wewe! Umekosa adabu lini?"

Nikamwambia Katibu kwamba shahidi amechoka. Shangazi akasema hajachoka, amekaa siku zote hizo. Mkoloni hakuwa na haja ya jina la utani, akasema, yeye alikuwa Bwana Shauri, na Bwana Shauri hakushika mjeledi hata siku moja. Alikaa kivulini na chai yake, anasema kwa mdomo tu. Mkono ulikuwa wa baba. Barabara hii ilipochimbwa, aliyepumzika aliletwa kwa baba. Lakini baba hakupiga ovyo, akaongeza kwa fahari. Alihesabu kwa sauti nzuri, watu wakamsikia mpaka ng'ambo. Mtu wa mahakama! Akageukia meza yangu, akanyoosha kidole.

"Kiboko mwenyewe ndiye huyo niliyemsema. Na kiboko chenyewe ndicho hicho. Unakifanya nini juu ya karatasi?"

Hakuna aliyecheka. Nilingoja wacheke. Ningetoa chochote ili Fundi acheke.

Hakucheka. Alikuwa ametazama sakafu, anaizungusha kofia pole pole, kama mtu aliyeona mlango wa jirani ukifunguka wakati jirani yuko utupu.

Katibu akaahirisha. Akasema pande zinazohusika zikubaliane, zilete maneno ya kibao kabla ya Jumatano jioni. Sikujua kwamba kuna pande.

Shangazi alifurahi njia nzima. Akaniuliza kama alisema vizuri. Nikamwambia alisema vizuri.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Sikwenda kazini. Nimelala nikitazama dari. Dari nayo ina doa lenye umbo la yule mnyama.

Nimejaribu kumtetea babu kichwani. Kwamba aliamriwa. Kwamba angekataa naye angelala chini. Kwamba alihesabu vizuri. Kila utetezi ukifika kwenye kuhesabu, unakufa.

Alasiri mke wangu akasema nina mgeni, na kabla sijajibu akawa amemwingiza hadi chumbani. Fundi. Akakataa kiti. Akasema cherehani imemzoesha kukaa, leo angependa kusimama.

Akaniambia babu yake alikuwa mmoja wa waliochimba barabara hii bila ujira. Siku moja aliegemea jembe. Basi. Alilala kifudifudi mpaka mvua zikaisha, na mgongo haukubeba mzigo tena, ndipo akajifunza kushona. "Kwa hiyo hata cherehani yangu ina mkono wa babu yako ndani yake, ukitaka kujua," akasema, akajaribu kutabasamu. Walioichimba ndio walioiita Kiboko. Baadaye watawala wakaondoka, na babu yangu akabaki mtaani, na watoto wake, na watoto wa waliopigwa. Watu wazima wakakubaliana kusema ni mnyama. Watoto wapate kucheza pamoja.

Nikamuuliza kama alijua siku zote, hata alipoiona fimbo mezani kila asubuhi. Akasema ndiyo maana alitundika suruali.

Nami nilikuwa nikimlaumu kwa mwanga. Mimi!

Akasema yeye hataki jina liondolewe. Libaki, ila chini yake uandikwe mstari mmoja, kwamba walioichimba barabara hii ndio walioipa jina, na kwa nini. Bila matusi, bila jina la familia ya mtu. "Mimi sina maneno, jirani. Wewe ndiye mwenye maneno. Tuandikie." Mwalimu naye ametuma salamu kupitia kwake. Anasema hilo ndilo zoezi bora kuliko yote, endapo nitalimaliza.

Nikamwambia nitaandika. Akanipa mkono. Kastabini ilikuwa baridi.

Mke wangu ameniletea uji kitandani. Ni mara ya kwanza wiki hii nimeona ananitazama kama mtu anayesikilizwa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimewahi kibarazani. Fundi ameondoa suruali kwenye nguzo. Zote. Mwanga umefika mpaka kwenye kalamu. Akanipungia mkono, akasimamisha cherehani ili nisisumbuke.

Nikaandika: "Barabara hii ilichimbwa na watu waliolazimishwa, na waliochoka walipigwa hapa, kwa mkono wa..." Kalamu ikasimama. Nikaona kibao. Nikawaona wateja wangu wakipita chini yake kila asubuhi, wakisoma, kisha wakinisoma mimi. Nikamwona shangazi akiletwa kukitazama. Nikaandika tena. Ikasimama palepale. Karatasi tatu nimezikunja.

Fundi akauliza kutoka upande wake kama inakwenda. Nikasema inakwenda.

Na hapo, Shajara Mheshimiwa, wakati nimekata tamaa kabisa, fikra ikanishukia! Nimerejea matokeo yangu ya Ijumaa na kugundua kasoro ya kitaalamu: mfereji niliupima wakati wa kiangazi. Historia, kama asemavyo Mwalimu, hutaka tupime ushahidi upya. Nimeupima upya. Nimenakili kwa mwandiko wa kutulia. Upepo ulipovuma nikaigandamiza barua kwa fimbo ya babu. Hakuna kitu kinachoshika karatasi kama hiyo.

Fundi akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Asante, jirani." Nimepeleka barua mwenyewe kwa mkono. Nakala yake naihifadhi hapa:

Kwa Katibu wa Baraza la Mji. Kwa heshima na taadhima, naomba kuondoa maombi yangu ya awali, pamoja na ushahidi wa shahidi wangu, ambaye ni mgonjwa wa masikio. Uchunguzi wangu binafsi umethibitisha kwamba jina la mtaa linatokana na mnyama wa majini, mpole, mla mboga, aliyepanda kutoka mtoni enzi hizo mto ukiwa mto. Hivyo iandikwe "huyu," wala si "hiki." Hakuna haja ya mstari wowote chini ya jina, kwa uchache wa nafasi; badala yake ichorwe picha ya mnyama huyo. Kuhusu ukweli wa jambo hili namtaja shahidi mwaminifu, Fundi Cherehani wa kibaraza chetu, ambaye amelisema mbele ya watu maisha yake yote.

Nabaki mimi, mtumishi wako mtiifu na mnyenyekevu, nikiomba uamuzi.